Samaki wa Birika

Katika nyumba za kale za mji wa Lamu, zile za mawe zilizojengwa karne ya 18 na ambazo kuta zake za ndani zimepambwa kwa zidaka na nakshi za chokaa, mna chumba kimoja ambacho wageni hukipita upesi kwa kudhani kwamba hakina la kutazamwa. Chumba hicho ni choo. Pembeni mwake limejengwa birika la mawe lililokandikwa chokaa, na humo ndimo yalimowekwa maji ya kuoga na kutawadha, yakitekwa kwa kata ya kifuu cha nazi. Mtu akiinama juu ya birika tupu na kutazama chini, aweza kuona bakuli la kauri, aghalabu la Kichina, limezikwa katika sakafu ya birika hata ukingo wake umekuwa sawa na chokaa.

Bakuli lile si pambo, ingawa nyumba zile zilipenda sana pambo la kauri. Ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo ambao kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi. Birika lilipohitaji kusafishwa, maji yalitolewa yote, na yale machache yaliyosalia katika bakuli yalikuwa kimbilio la samaki mpaka maji mapya yalipomiminwa. Kwa hiyo aliyelijenga birika alimfikiria samaki tangu siku ya kwanza. Hakumweka kwa bahati, wala hakumwachia Mungu peke yake habari ya maisha yake siku ya kusafisha.

Historia ya vita vya binadamu na mbu, kama ilivyozoea kuandikwa, haianzi chooni Lamu. Huanza na daktari Patrick Manson, aliyeonyesha huko Amoy, China, mwaka 1877, kwamba mbu humeza pamoja na damu ya mgonjwa vijinyoo vya matende. Huendelea na Ronald Ross, aliyekiona kijidudu cha malaria katika tumbo la mbu huko Secunderabad, India, tarehe 20 Agosti 1897, na Giovanni Battista Grassi wa Italia, ambaye mwaka uliofuata alithibitisha na wenzake kwamba malaria ya wanadamu huletwa na mbu wa jamii ya anofelesi. Hapana haja ya kuwapunguzia watu hawa heshima yao. Ila yafaa kukumbuka kwamba kujua sababu ya ugonjwa ni jambo moja, na kutotaka wadudu katika maji ya kutawadha ni jambo jingine, na hili la pili halikungoja darubini. Lugha yenyewe yashuhudia. Neno kiluwiluwi humtaja yule mdudu wa majini ajipindaye na kupanda juu kuvuta pumzi kabla hajawa mbu. Watu hawampi jina mdudu wasiyemwangalia.

Tena pwani ilikuwa na sababu nyingi za kumwangalia. Matende na mabusha yalikuwa mambo ya kila mtaa. Homa ya vipindi ilijulikana na kila mama. Mwaka 1870 homa iliyoitwa kidingapopo ilienea Unguja ikiwaumiza watu viungo, na daktari James Christie, aliyekuwa akiishi huko, aliandika habari zake akataja kwamba wazee waliikumbuka nyingine kama hiyo ya mwaka 1823. Wataalamu wa baadaye wamefikiri kwamba homa ile huenda haikuwa ile iitwayo kidingapopo leo, bali ndugu yake. Jambo hili litarudi mbele.

Mara elimu ya mbu ilipopatikana, serikali nyingi zilikimbilia silaha mbalimbali: mafuta ya taa yamwagwe juu ya maji, vinamasi vikaushwe, visima vifunikwe. Silaha mojawapo ilikuwa samaki. Katika kisiwa cha Barbados palikuwa na samaki mdogo mno aliyeitwa na wenyeji kwa jina lenye maana ya mamilioni, kwa wingi wake. Ndiye yule ambaye wafugaji wa samaki wa majumbani humwita gapi. Barbados haikuwa na malaria, na ilipata kusemwa, hata ikachapwa katika kijitabu cha idara ya kilimo mwaka 1908, kwamba sifa ni za samaki huyu. Basi akaanza kutumwa katika makoloni mengine. Lakini mwaka 1927 mbu wa anofelesi alipoingia Barbados, malaria ilizuka kisiwani na mamilioni wote wakiwamo majini. Kilichokuwa kimekilinda kisiwa ni kutokuwako kwa mbu yule, na samaki alikuwa amepewa sifa ya mlango uliokuwa haujabishwa hodi.

Mahali ambapo samaki alistahili sifa kweli ni Guayaquil, bandari ya Ecuador. Huko homa ya manjano ilikuwa imekaa miaka mingi ikiua wenyeji na wageni, na mbu wake huzaa katika vyombo vya maji majumbani. Mnamo 1918 na 1919 wafanyakazi wa afya, wakiongozwa na Michael Connor wa taasisi ya Rockefeller, walipita nyumba kwa nyumba wakitia samaki katika mapipa na matangi ya maji ya kunywa, kisha wakarudi kuyakagua. Homa ikakatika mwaka 1919. Msomaji aangalie neno kurudi. Waliorudi kutazama kama samaki yu hai ndio walioshinda, maana samaki aliyekufa katika pipa hana faida kuliko jiwe.

Baada ya hapo sifa zote zilimwendea samaki mwingine, gambusia wa kusini ya Marekani. Ni samaki wa rangi ya kijivu, dume wake hazidi urefu wa kidole, huzaa watoto hai badala ya kutaga, huvumilia joto na maji machafu, na kinywa chake kimeelekea juu kama kwamba kiliumbwa kwa kuokota viluwiluwi usoni pa maji. Mtaalamu Felipe Poey wa Cuba alipompa jina mwaka 1854 aliazima neno la wavuvi wa huko lenye maana ya kitu kisicho na thamani: mvuvi aliyerudi mikono mitupu alisema amevua gambusino. Kiumbe mwenye jina la ubure akaja kusafirishwa kuliko samaki yeyote wa kimo chake.

Mwaka 1905 Alvin Seale alimchukua Texas akampeleka Hawaii. Kutoka Hawaii akavushwa mpaka Ufilipino. Mwaka 1921 akafika Hispania, na mwaka uliofuata Italia, ambako Grassi mwenyewe na Massimo Sella walimtumia katika maji ya nchi zenye malaria. Mwaka 1925 akatoka Italia hadi Sukhumi, pwani ya Bahari Nyeusi, na kutoka huko akaenea katika sehemu za joto za Urusi ya Kisovieti. Huko Adler, katika mji wa Sochi, amejengewa hata sanamu, kwa shukrani ya kuondoka kwa malaria katika pwani ile. Ingawa wenye kuchimba mifereji, kugawa kwinini na kumwaga mafuta walistahili nao sanamu zao. Mwaka huo huo wa 1925 alitiwa katika madimbwi ya bustani ya mimea ya Sydney, Australia, na mwaka 1930 katika dimbwi la bustani huko Auckland, New Zealand.

Bustanini alionekana mpole. Lakini dimbwi la bustani lina mfereji, na mfereji una mto. Katika Australia alitoka akaenea mito ya mashariki, akila mayai na watoto wa samaki wa huko, na viluwiluwi vya vyura pamoja na vya mbu, maana yeye hana kamusi ya kutenga maana mbili za neno hilo. Mwaka 1990 wataalamu waligundua katika chemchemi za Edgbaston, Queensland, samaki mdogo mwenye mapezi mekundu na macho ya buluu ambaye hayuko popote pengine duniani. Walipomgundua, gambusia alikuwa amekwisha kutangulia katika baadhi ya chemchemi zile, na kila alipoingia, mwenyeji alitoweka. Tangu hapo watu wamekuwa wakijenga vizuizi na kutia sumu katika chemchemi ili kumwondoa mgeni aliyeletwa kwa heshima na serikali. La kusikitisha zaidi ni kwamba samaki wengi wadogo wa Australia hula viluwiluwi vya mbu wenyewe, bila kufundishwa. Gambusia sasa amewekwa katika orodha ya viumbe wageni 100 waharibifu kupita wote duniani, na Shirika la Afya Duniani haliungi tena mkono kumpeleka mahali papya.

Tofauti kati ya Lamu na Sydney, basi, haikuwa katika samaki tu. Samaki wa birika alikuwa amezungukwa na kuta nne za chokaa. Hakuwa na mto wa kukimbilia. Chakula chake, maji yake na uhai wake vilikuwa mikononi mwa watu wa nyumba, nao walimwona kila siku walipochota maji. Gambusia alitupwa majini akaachwa ajitafutie, na kule kuachwa ndiko kulikoitwa ustadi, kwa kuwa hakukuwa na gharama.

Jambo hili limeonekana pia Afrika Mashariki katika miaka ya karibu. Katika nyanda za juu za Kisii, Kenya, wakulima wengi walikuwa wamechimba mabwawa ya kufuga samaki, kisha baadhi yao wakayaacha. Watafiti walipoyapima waligundua kwamba bwawa lililoachwa, likaota majani na kukosa samaki, lilizaa mbu wa malaria zaidi ya bwawa lililotunzwa. Wakatia sato katika mabwawa, samaki wa Afrika anayeliwa na kuuzwa, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2007 yalionyesha kwamba baada ya majuma 15 viluwiluwi vya anofelesi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Mwenye bwawa ana sababu ya kumtunza sato hata asipofikiri habari za mbu: atamla. Nako kaskazini mwa Somalia, katika miaka ya 1980, perege wa Afrika Mashariki walitiwa katika mabirika makubwa ya kukingia maji ya mvua, ambayo huko huitwa barkad, na mbu wakapungua. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwamba barkad na birika ni watoto wa mama mmoja.

Hata hivyo haifai kumpa samaki wa Lamu sifa zisizo zake, kama walivyofanya watu wa Barbados. Mbu mkubwa wa malaria katika Afrika hupenda kuzaa katika vidimbwi vidogo vya mvua, nyayo za ng'ombe na mashimo ya barabarani, ambamo samaki hawezi kukaa hata siku tatu. Mbu wa matende wa mijini hupenda maji machafu ya mashimo ya vyoo. Huko Makunduchi, Unguja, mwaka 1988, mashimo hayo yalifunikwa kwa chembe za polistirini zinazoelea, dawa isiyohitaji kula wala kupumua. Ufalme wa samaki wa birika ulikuwa birika, na mbu aliyemzuia hasa ni yule apendaye maji safi yaliyowekwa ndani ya nyumba.

Na mbu huyo ndiye aliyekuja kuiadhibu Lamu. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa katika nchi ya Wamakonde, upande wa Newala, kusini ya Tanganyika, ukiwapinda watu kwa maumivu ya viungo; jina lake la Kimakonde, chikungunya, latokana na kule kupinda, na mwaka 1955 Robinson na Lumsden waliandika habari zake kwa wataalamu. Huyu ndiye ndugu aliyetajwa juu, ambaye huenda ndiye aliyeitwa kidingapopo mwaka 1870. Mwaka 2004 alifika Lamu. Ulikuwa wakati wa ukame. Watu waliweka maji majumbani katika mapipa na vyombo vya kila namna, wakayakalisha muda mrefu bila kuyabadili, na mbu wakazaa humo. Wataalamu walipopima damu za wakazi baadaye waliona dalili za ugonjwa huo katika watu 75 kati ya kila 100. Kutoka pwani hiyo ukavuka mwaka 2005 hadi Visiwa vya Ngazija na Réunion, na mwaka 2006 ukaikumba India.

Pipa la plastiki ni chombo chema. Ni jepesi, halivuji, na lahamishika. Lakini aliyelibuni hakumfikiria samaki, wala hakuna aliyemwuliza. Mitungi na mapipa husafishwa kwa kupinduliwa, na chochote kilichokuwamo hutoka na maji. Mabirika mengi ya zamani yamekauka tangu maji ya mferejini yalipoingia majumbani. Mengine yamebomolewa nyumba zilipotengenezwa upya. Mji wa kale umeingizwa katika Urithi wa Dunia tangu 2001, na wageni huonyeshwa milango, zidaka na nakshi. Walio hodari kati ya wenye kuwaongoza huwaingiza chooni pia, wakawaonyesha bakuli lililozikwa katika sakafu, na kuwaeleza kazi yake.