Michezo ya Tahajia kwa Wanafunzi wa Madarasa ya Awali Tarime na Serengeti

Watoto wengi wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, huanza shule wakiwa na lugha nyingine ya nyumbani: Kikurya, au Kingoreme, Kinata na Kiikoma kwa baadhi ya vijiji vya Serengeti. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya kufundishia, hukutana nacho kwa upana wake wakiwa darasani. Hali hiyo huonekana mapema katika madaftari yao ya imla.

Kikurya hakitofautishi sauti za r na l kama Kiswahili kinavyofanya. Mtoto anayeandika "karamu" alipoambiwa aandike "kalamu" ameandika kile alichokisikia, na si haki kumhesabu kuwa mzembe. Ndivyo ilivyo kwa kula na kura, mahali na mahari, fahali na fahari. Kumrudisha aandike neno hilo mara 20 humchosha mkono, ilhali tatizo liko sikioni.

Kwa sababu hiyo, mchezo wa kwanza hauhitaji kalamu. Mwalimu hutamka neno moja kati ya mawili yanayokaribiana. Wanafunzi husimama wakisikia "kalamu" na kuchuchumaa wakisikia "karamu". Darasa lenye wanafunzi wengi hucheza lote kwa pamoja, na mwalimu huona mara moja ni nani wanaosubiri kumtazama jirani. Hao ndio wa kusaidiwa kabla ya kupewa imla.

Hatua inayofuata ni kadi za silabi. Tahajia ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu, hivyo silabi humfaa mtoto anayeanza kuliko majina ya herufi. Kadi hukatwa kutoka katika maboksi, au silabi huandikwa juu ya vizibo vya soda. Kikundi hupanga fa, ha na li, kisha huondoa li na kuweka ri, na kueleza maana iliyobadilika. Kwa watoto wa wafugaji, fahali ni neno lenye sura na pembe; halihitaji picha ukutani. Ng'ombe naye hufaa kuzoeza ng' na tofauti yake na ng ya ngoma, kwani mtoto wa Nyamongo humjua mnyama huyo muda mrefu kabla ya kuijua ile ritifaa.

Silabi zinaweza pia kuchorwa ardhini katika miraba, mtoto akaruka kutoka mmoja hadi mwingine kulifuata neno lililotajwa. Mnyororo wa maneno huwafaa waliokwisha kuzoea: kalamu huzaa muhogo, muhogo huzaa godoro, godoro huzaa roho, kisha hoteli, kisha limau. Kila neno huandikwa ubaoni kabla ya linalofuata.

Iko kasoro moja ya kuepukwa. Michezo ya kumtoa anayekosea humweka pembeni mapema yule yule anayehitaji mazoezi zaidi. Ni afadhali alama zihesabiwe kwa kikundi, na mtoto aliyekosa apewe nafasi ya kurekebisha. Kicheko juu ya lafudhi kisiruhusiwe, hata kinapotoka kwa mtu mzima.

Mbinu hizi hazipingani na mwongozo wa Serikali. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika mwaka 2015 uliweka mkazo katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK). Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 ulianza kutekelezwa Januari 2024, darasa la kwanza likiwa miongoni mwa yaliyotangulia. Mara ni miongoni mwa mikoa 9 ya Programu ya Shule Bora, inayotekelezwa na Serikali kwa ufadhili wa Uingereza. Walimu wanaweza kubadilishana michezo hii katika vikao vya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), yanayofanyika shuleni na katika vituo vya walimu.

Wazazi na walezi wasiozungumza Kiswahili kwa wingi nao wana nafasi. Mtoto anaweza kuandika neno mchangani kwa kijiti, akalisoma kwa sauti, kisha akaulizwa kitu hicho huitwaje kwa lugha ya nyumbani. Dakika 10 jioni, baada ya mifugo kurudi zizini, zinatosha.