Mchungaji katika Nchi ya Ngoro

Ukitoka Mbinga mjini ukapanda kwenda Litembo, kitu kinachokamata macho si mifugo. Ni ngoro, yale mashimo yaliyopangwa safu kwa safu kwenye miteremko mikali ya Umatengo. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana mpaka itokee miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunikia majani yale. Mvua ikipiga, maji yanatulia shimoni badala ya kukimbia na udongo bondeni. Juu ya kingo hupandwa mahindi na maharage. Mbuzi wapo, ndiyo, ila kwenye nchi ya mashamba namna hii kazi kubwa ya anayechunga ni kuwazuia wasile jasho la jirani.

Nalisema hili kwa sababu ya Zaburi ya 23 (Wakatoliki wa zamani waliihesabu ya 22, kwa kufuata Biblia ya Kilatini). Ile imezaliwa kwenye ardhi kavu, ambako mchungaji hutembea na kundi siku nzima akitafuta majani na maji, na bila yeye kondoo anakufa. Mchungaji wa namna hiyo alifikaje Litembo, na alisikikaje?

Alifika na Wabenediktini wa St. Ottilien kutoka Ujerumani. Walianza Peramiho mwaka 1898, Kigonsera 1899, na Litembo 1914. Lakini mwaka 1902, miaka 12 tu kabla ya misheni, Wamatengo walikuwa wamepigana na Wajerumani hapohapo Litembo. Baadaye ikaja Maji Maji. Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, aliuawa Agosti 1905 akiwa safarini kutoka pwani, na Peramiho yenyewe ikachomwa moto. Hebu piga hesabu: mtu wa miaka 30 aliyesikia mahubiri ya kwanza pale Litembo alikuwa kijana wa miaka 18 wakati wa vita ile. Sasa anaambiwa na Mjerumani kwamba yeye ni kondoo, na kwamba fimbo ya mchungaji ni ya kumfariji. Sisemi wamonaki ndio walioshika bunduki. Nasema fimbo ilikuwa na historia yake kabla ya zaburi kufika.

Na Kiswahili nacho hakikusaidia sana. Kuchunga ni kulisha mifugo, lakini pia ni kuangalia mtu asiharibu: mfungwa huchungwa, na ukiambiwa "chunga mdomo wako" hujafarijiwa. Labda ndiyo maana napenda kwamba jarida la wahubiri lililochapwa Peramiho liliitwa *Mlezi*.

Kwa maoni yangu, Umatengo ulikuwa na mlango mwingine wa kuingilia zaburi hii, nao uko kwenye nusu yake ya pili. Wengi hatuikumbuki. Katikati ya shairi kundi linatoweka. Mtunzi anaacha machunga, anaingia nyumbani kwa mtu: kuna meza, kuna mafuta kichwani, kuna kikombe kimejaa. Mungu hapo ni mwenyeji, na yule kondoo sasa ni mgeni aliyekaa kitako na kunawa mikono.

Wamatengo walikuwa na jina la kukaa hivyo: sengu. Wanaume wa ukoo walikutana kwa mzee wao kula pamoja (wanaume, ndiyo, wanawake ndio waliopika, na hilo lina mjadala wake). Chakula cha kila nyumba kiliwekwa pamoja, hivyo mwenye kingi na mwenye kidogo walikula kilekile. Hapohapo ugomvi uliamuliwa, vijana walifundwa, kazi za shamba zilipangwa. Mzee alitunza watu wake kwa kuwalisha na kuwasikiliza, na aliyekula alikuwa na neno la kusema. Kondoo hana.

Jimbo la Mbinga lilizaliwa mwaka 1986, na Emmanuel Mapunda akawa askofu wake wa kwanza. Fimbo ya kichungaji ikawa mkononi mwa mwenyeji wa Ruvuma. Sengu ilikuwa imeshadhoofika. Zaburi yenyewe bado inasomwa, hasa misibani, na huko angalau hakuna anayeikatiza njiani: inafika mpaka mezani, wakati nje ya nyumba sufuria za ugali na maharage ziko motoni na watu wanangoja warudi kutoka makaburini wale pamoja.