Schutztruppe: Jeshi la Wajerumani lililoipoteza Tabora
SCHUTZTRUPPE lilikuwa jeshi la Ujerumani katika koloni lake la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1891. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, lilikuwa na kombania 14, zenye askari Waafrika wapatao 2,500 na Wazungu wapatao 260.

Kombania nyingi bado zilitumia bunduki za muundo wa 1871, ambazo moshi wa baruti yake uliwafichua wapigaji. Wanyamwezi walikuwamo miongoni mwa askari na wapagazi.

Majeshi ya magharibi yaliongozwa na Meja Jenerali Kurt Wahle. Septemba 19, 1916, Tabora ilitwaliwa na Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji lililoongozwa na Jenerali Charles Tombeur. Askari wake nao walikuwa Waafrika. Mataifa mawili ya Ulaya yaligombea mji huo kwa damu yao.