Naqa: Kushi Haikuwa Kivuli cha Misri

Magofu ya Naqa yako katika nyika ya Butana nchini Sudan, kiasi cha kilomita 170 kaskazini-mashariki mwa Khartoum na mbali na mto Naili. Kuweka mji mahali pakavu namna hiyo kulitaka maarifa. Watu wa Kushi, ufalme wa kale, walichimba malambo makubwa ya kukinga maji ya mvua, na juu ya uhakika huo wa maji wakajenga makazi na mahekalu ya mawe. Mnamo karne ya 1 BK Mfalme Natakamani na Malkia Amanitore, waliotawala kutoka Meroe, walimjengea hapo hekalu Apedemak, mungu mwenye kichwa cha simba. Kuta zake bado zimesimama, zimejaa michongo, nami nashikilia kwamba zinatosha kuivunja fikra ya zamani kuwa Kushi ilikuwa kivuli tu cha Misri.

Fikra hiyo haikuzuka hewani. Lango la hekalu lina minara miwili mipana ya mtindo wa Misri, miungu wa Misri Isis na Horus wamechongwa ukutani, na mwenzao Amuni ana hekalu lake papo hapo Naqa, lenye njia iliyopangwa sanamu za kondoo dume. Misri iliwahi kuitawala Kushi kwa karne kadhaa. Kisha, katika karne ya 8 KK, wafalme wa Kushi nao wakaitwaa Misri. Majirani wa namna hiyo hawakosi kuazimana. Lakini George Reisner, aliyefukua makaburi ya wafalme wa Kushi mwanzoni mwa karne ya 20, alivuka mpaka wa ushahidi alipodai kwamba watawala hao walikuwa na asili ya Libya, kana kwamba ustaarabu ule haungeweza kuwa na wenyewe.

Kuta zenyewe zinajibu. Apedemak ni mungu wa Kushi, si wa kuazimwa. Ubavuni mwa lango amechongwa kama nyoka mwenye kichwa cha simba, akichomoza kutoka kwenye ua la yungiyungi. Ukuta wa nyuma unamwonyesha akiwa na vichwa vitatu na mikono minne, na wapo waliotaka kuiona India katika umbo hilo. Ukitazama mchongo mzima, huna haja ya kwenda mbali hivyo: mungu yuko katikati, mfalme upande mmoja na malkia upande wa pili, kila mmoja akielekewa na uso wake, na uso wa tatu ukimkabili mtazamaji. Mchongaji alikuwa na watawala wawili wa hadhi sawa mbele ya mungu mmoja, akabuni njia ya kuwaheshimu wote. Usawa huo uko hata langoni. Kwenye mnara mmoja Natakamani amewakamata maadui nywele na kuinua silaha. Kwenye mnara wa pili Amanitore anafanya vivyo hivyo, kwa kimo kile kile, mwili wake mnene na kucha zake ndefu, simba akiwa miguuni. Hii ndiyo nchi ya kina Kandake, malkia ambao mmoja wao anatajwa katika Matendo ya Mitume.

Mbele ya hekalu kuna jengo dogo lililozoeleka kuitwa kibanda cha Kirumi. Mlango wake umepambwa kwa mtindo wa Misri, madirisha yana matao ya Kirumi, na vichwa vya nguzo vina majani ya mtindo wa Kigiriki. Mwigaji hufuata kiolezo kimoja. Mafundi hawa walijua mitindo mitatu na wakachagua. Kushi ilikuwa hata na maandishi yake yenye alama 23. Sauti zake zinasomeka tangu Francis Llewellyn Griffith alipozitambua, lakini maana ya maneno mengi bado imefungwa. Ndiyo sababu kwa karne nyingi habari za Kushi tumezipokea kutoka kwa Wamisri, Wagiriki na Warumi, na anayesimuliwa na jirani yake hubaki mdogo.

Mwaka 2011 UNESCO iliiweka Naqa, pamoja na Meroe na Musawwarat es-Sufra, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu Aprili 2023 Sudan imo vitani, na urithi huo uko hatarini pamoja na watu wake. Shule zetu zinazofundisha piramidi za Misri ziifundishe Kushi pia, kwa jina lake na kwa ushahidi wake.