Benki ya Wakulima ya Owatonna

Mwanzoni mwa karne ya 20, mji mdogo wa Marekani ukitaka benki ya heshima ulijijengea mfano wa hekalu la Kirumi, nguzo nyeupe zimepangwa mbele. Mkulima mwenye tope viatuni akipanda ngazi zile alijua wazi kwamba hazikujengwa kwa ajili yake.

Carl Bennett, aliyeiongoza National Farmers' Bank mjini Owatonna, Minnesota, hakutaka hekalu. Alikuwa amesoma Harvard na kupenda muziki kwa dhati, na aliamini kwamba wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambao ndio waliokuwa wateja wake, walistahili jengo zuri lililo lao. Mwaka 1906 akamfuata Louis Sullivan wa Chicago. Sullivan ndiye aliyebuni jengo la Wainwright huko St. Louis, na Frank Lloyd Wright alijifunza kazi mikononi mwake. Lakini tangu aachane na mshirika wake Dankmar Adler mwaka 1895, wateja walikuwa wamepungua mno.

Jengo lilikamilika mwaka 1908. Kwa nje ni kama sanduku: msingi wa mawe mekundu ya mchanga, juu yake matofali yenye rangi zinazochezacheza, na kila upande unaotazama barabara tao moja kubwa lililojazwa vioo. Mapambo ya terakota, kijani na kahawia, yamesongamana kama majani baada ya masika. Mengi ya hayo yalichorwa na msaidizi wa Sullivan, George Elmslie, ambaye sifa yake haitajwi inavyostahili.

Ndani, mwanga unaopita kwenye vioo unageuka kuwa wa kijani na dhahabu. Thuria nne za chuma cha kusubu zinaning'inia, kila moja ikizidi tani 2. Ukutani, Oskar Gross alichora ng'ombe malishoni na watu wakivuna. Mkulima aliyekuja kuomba mkopo aliinua macho akaiona kazi yake mwenyewe, imepewa nafasi ambayo benki nyingine ziliwapa miungu ya Ugiriki.

Sifa hazikumwokoa Sullivan. Mwaka 1909 mali zake zilipigwa mnada. Alibuni benki nyingine kadhaa katika miji midogo, ikiwemo ya Grinnell, Iowa, akafariki mwaka 1924 akiwa fukara. Miaka miwili baadaye, bei za mazao zikiwa zimeanguka tangu Vita vya Kwanza vya Dunia kuisha, benki ya Bennett nayo ikafilisika.

Wamiliki wapya waliufanyia ukumbi ukarabati mwaka 1940, na hapo ndipo ulipoumizwa: vizimba vya makeshia, kazi ya chuma iliyofumwa kwa ustadi, viling'olewa. Mnamo miaka ya 1950 msanifu Harwell Hamilton Harris alirudisha sehemu kubwa ya sura ya zamani, na mwaka 1976 jengo likatangazwa kuwa alama ya historia ya taifa. Ila vizimba vile havikurudi mahali pake. Baadhi vimebaki kuwa vitu vya makumbusho.