Chupa za Kale za Muheza na Hukumu Zetu za Historia

Mwanafunzi wa historia ya Kanisa hufundishwa kusoma barua, shajara na vitabu vya ubatizo, lakini hafundishwi kusoma jalala. Tuliliona pengo hilo pale shimo la choo lilipochimbwa wilayani Muheza, nyuma ya nyumba chakavu ambayo wenyeji huiita ya wamisionari, zikatoka chupa zipatazo ishirini. Mzee mmoja wa usharika alizitazama akatoa hukumu papo hapo: "Kumbe wazee wetu wa imani walikuwa walevi!" Hukumu hiyo ndiyo tunayoipima hapa.

Kwanza umri. Chupa iliyopulizwa ndani ya kalibu hubaki na mshono ubavuni. Mshono ukikoma shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukipanda hadi juu ya mdomo, chupa ni ya mashine, namna iliyoenea baada ya Mmarekani Michael Owens kuunda mashine yake mwanzoni mwa karne ya 20. Mdomo wa kizibo cha bati, kama cha soda, hauwezi kutangulia 1892, mwaka ambao William Painter alikipatia hataza. Chupa yenye gololi shingoni ni ya maji ya soda, uvumbuzi wa Mwingereza Hiram Codd wa miaka ya 1870. Mapovu ndani ya kioo, ambayo wengi huyategemea, hayathibitishi mwaka wowote.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Muheza mwaka 1896. Kabla ya hapo kila kreti ilipanda kichwani mwa mpagazi. Baada ya hapo vioo vya Ulaya vilishushwa stesheni kwa wingi. Katika chupa zetu, kadhaa zina mshono uliofika juu ya mdomo. Yamkini hizo zilitupwa baada ya utawala wa Wajerumani kuondoka Tanga mwaka 1916, na wakazi wengine kabisa.

Pili, yaliyomo. Chupa ya pembe nne ni umbo mashuhuri la jini, na biashara ya pombe kali katika Afrika ilikuwa kubwa kiasi cha kuwekewa mipaka na Mkataba wa Brussels wa 1890. Lakini chupa tupu haikutupwa ovyo: ilitiwa mafuta ya nazi, asali, dawa. Umbo hututajia mnywaji wa kwanza tu, naye huenda hakufika Muheza kamwe. Tena Mlutheri wa Kijerumani wa siku zile hakuihesabu bia kuwa dhambi; katazo hilo tumemvika sisi. (Hata "chupa" ya Zaburi 56:8 katika Biblia yetu ni kiriba cha ngozi kwa Kiebrania. Neno nalo hubadilishiwa kilichomo.)

Mzee alitusikiliza, akakubali nusu. Aliuliza: zile za chini kabisa shimoni, ambazo ndizo za zamani zaidi, zilikuwa zipi? Swali hilo lilizidi elimu yetu yote ya mishono, nasi hatukuwa na jibu. Wachimbaji walizitoa kwa sepeto, wakazichanganya na kuziosha kabla hatujaitwa. Mbili zilikuwa zimekwisha kutiwa mafuta ya taa.