Baridi ya Alaska Haikushindwa na Dereva

Kila mwaka wapo watu wanaohamia Alaska kwa gari katikati ya majira ya baridi: askari aliyepangiwa kambi ya jirani na Fairbanks, mwalimu aliyepata kazi, familia iliyouza nyumba huko kusini na kupakia kilichobaki kwenye trela. Njia yao ni barabara ya Alaska, inayoanzia Dawson Creek katika British Columbia, ikakata Yukon na kuishia Delta Junction, zaidi ya kilometa 2,200. Historia ya safari hiyo husimuliwa kama historia ya mashujaa wawili, dereva asiyetishika na gari lisilochoka. Naona wote wawili wamevishwa kilemba kisicho chao. Ukifuatilia namna magari yalivyoandaliwa kwa ajili ya kaskazini tangu miaka ya 1920, utaona kwamba sehemu kubwa ya maandalizi haikufanyika kwenye gari hata kidogo. Ilifanyika barabarani, kwenye nguzo za umeme na kwenye maegesho, na mara nyingi ililipiwa kwa fedha za umma.

Tuanze na baridi yenyewe. Friza ya dukani huwekwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Fairbanks, Januari ikiwa mbaya, hushuka hadi 40 chini ya sifuri na kupita hapo. Snag, uwanja mdogo wa ndege ulioko Yukon karibu na mpaka wa Alaska, ulipima nyuzi 63 chini ya sifuri Februari 3, 1947, rekodi ambayo Kanada haijaivunja. Katika hali hiyo gari lina sababu nyingi za kugoma kuwaka, na zote huja kwa pamoja. Oili inakuwa nzito kiasi kwamba stata haina ubavu wa kuizungusha injini. Betri inapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake saa ileile ambayo injini inadai nguvu zaidi. Petroli inagoma kugeuka mvuke. Betri iliyojaa chaji huvumilia hadi nyuzi 50 chini ya sifuri bila kuganda, lakini iliyoisha chaji huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, na ganda lake hupasuka. Maji ya rejeta nayo yana hesabu yake, na mgeni huikosea kwa kudhani kwamba kulanti tupu, bila maji, ndiyo kali zaidi. Ethilini glaikoli tupu huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Ikichanganywa na maji nusu kwa nusu huvumilia hadi nyuzi 37, na ikiwa sehemu sita kwa nne za maji inapita nyuzi 50. Kwa hiyo anayejaza kulanti bila maji kwa kuogopa baridi anakuwa amelipa zaidi ili alindwe kidogo.

Kabla glaikoli haijaingia sokoni kwa jina la Prestone mwaka 1927, madereva wa nchi za baridi walitia spiriti kwenye rejeta. Spiriti ilizuia kuganda, ila injini ikipata moto ilikuwa inavukia hewani, na dereva alilazimika kuongeza kila mara. Wengine walifungulia maji yote jioni na kuyarudisha asubuhi yakiwa ya moto. Marubani wa ndege ndogo za Alaska na Kanada waliifikisha kazi hiyo mbali zaidi. Jioni walimwaga oili kwenye debe, wakaingia nalo ndani walikolala na kuliweka karibu na jiko. Alfajiri walifunika injini kwa turubai hadi chini, wakawasha jiko la moto la mafundi bomba ndani ya hema hilo, na kukaa wakilichunga. Turubai likishika moto, ndege imekwenda. Injini ikipata joto, oili ya moto inamiminwa haraka na rubani anaruka kabla vitu vyote havijapoa tena. Ni kweli kwamba huu ulikuwa ujuzi wa mtu mmoja mmoja, na ulifanya kazi. Lakini ulikula saa nzima au zaidi kila asubuhi, ulihitaji kibanda chenye jiko mahali pa kulala, na ulimfaa mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kusafiri. Familia yenye watoto wadogo isingeweza kuhama kilometa 2,200 kwa mtindo huo.

Barabara ilikuja kwa sababu ya vita. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, serikali ya Marekani iliamua kwamba Alaska lazima ifikike kwa nchi kavu. Wahandisi wa jeshi walianza kazi Machi 1942, na mwishoni mwa Oktoba vikosi vilivyotoka pande mbili vikawa vimekutana karibu na Beaver Creek. Barabara ilifunguliwa rasmi mahali paitwapo Soldiers' Summit, Novemba 20, 1942. Kwa madhumuni ya makala haya, jambo la kushika ni nani aliyeijenga. Askari walizidi 10,000, na karibu theluthi moja yao walikuwa Wamarekani weusi wa vikosi vilivyotengwa kwa rangi, vikiwemo vya 93, 95 na 97. Wengi walitoka majimbo ya kusini. Jenerali Simon Bolivar Buckner Mdogo, aliyeongoza ulinzi wa Alaska, hakutaka wapelekwe huko, na katika jeshi ilikuwa imani ya kawaida kwamba mtu mweusi hafai kwa baridi. Walilala kwenye mahema katika mojawapo ya majira makali ya baridi, na mara nyingi walipewa vifaa duni kuliko vikosi vya weupe. Kazi wakaifanya. Koplo Refines Sims Mdogo wa kikosi cha 97 ndiye aliyekuwa kwenye tingatinga la upande mmoja siku pande mbili zilipokutana. Anayedai kwamba kaskazini inahitaji watu wa aina fulani, waliozaliwa na baridi au wenye roho ya pekee, hana budi kuueleza ushahidi huu. Walichohitaji watu wale ni buti, mafuta, chakula na vipuri, na walipoteseka, waliteseka kwa kunyimwa hivyo.

Malori ya jeshi yaliiendea baridi kwa njia rahisi na ya gharama: injini haikuzimwa. Usiku kucha iliunguruma, na lori lililozimika lilingoja mpaka lipashwe moto kwa chini. Mwenye fedha zake mwenyewe asingeyamudu mafuta hayo. Aliyeyamudu ni serikali, iliyokuwa imepanga kambi, maghala na vituo vya simu kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho. Vita vilipokwisha, upande wa Kanada wa barabara ulikabidhiwa kwa jeshi la nchi hiyo Aprili 1946, na jeshi hilo likautunza hadi mwaka 1964. Raia wa kawaida, ambao hapo awali hawakupita bila kibali, waliruhusiwa mwaka 1948. Mwaka uliofuata kitabu cha The Milepost kikatoka, kikiorodhesha maili kwa maili wapi pana petroli, wapi pana fundi, wapi pana kitanda. Kwa maoni yangu kitabu hicho kimeokoa magari mengi kuliko tairi lolote la theluji, maana dereva aliyejua kwamba kituo kinachofuata kiko saa moja mbele aliweza kuamua mapema kama aendelee au alale.

Kifaa kilichobadilisha mambo kabisa kilizaliwa mbali na Alaska. Andrew Freeman aliishi Grand Forks, North Dakota, na alikuwa meneja wa chama cha ushirika cha umeme vijijini. Alitengeneza hita ndogo ya umeme inayokaa mahali pa mojawapo ya bolti zinazoshikilia kichwa cha injini. Unafungua bolti moja, unaweka hita yenye umbo la bolti, waya unatoka chini ya boneti na kuning'inia mbele ya gari, jioni unachomeka. Hataza ilitoka Novemba 8, 1949. Baadaye zilienea hita zinazozama ndani ya maji ya injini yenyewe, kupitia tundu la kizibo cha pembeni, lakini wazo ni lilelile. Tazama aliyelibuni ni nani. Freeman hakuajiriwa na kiwanda cha magari. Kazi yake ilikuwa kusambaza umeme kwa wakulima. Katikati ya miaka ya 1930 ni takriban shamba moja kati ya kumi lililokuwa na umeme nchini Marekani. Sheria ya umeme vijijini ya mwaka 1936 ilitoa mikopo ya serikali kwa vyama vya ushirika, na nguzo zikaanza kufika uani kwa mkulima. Bila nguzo ile, hita ya Freeman ni bolti tu yenye waya. Fairbanks kwenyewe, ushirika wa Golden Valley uliundwa mwaka 1946 na wakulima wa bonde la Tanana kwa mpango huohuo wa mikopo. Hita na soketi, basi, ni watoto wa sheria moja.

Mtu anaweza kunipinga kwa kunitajia watu wa 1959. Machi mwaka huo, miezi miwili baada ya Alaska kuwa jimbo la 49, familia za eneo la Detroit zilifunga safari kwa msafara wa magari na matrela, na baadhi yao wakaishia bonde la Susitna, ambako walishika ardhi ya bure kwa masharti ya kuilima na kuishi juu yake. Machi kule bado ni baridi. Je, hao hawakuwa watu wa kujitegemea? Walikuwa na moyo, sikatai, na magari yao hayakuwa ya ajabu. Lakini walisafiri kwa msafara, maana yake gari likizimika kuna jingine la kulivuta na betri nyingine ya kuazima. Walipita barabara iliyokuwa ikisafishwa theluji na jeshi la nchi ya kigeni, na ardhi waliyoifuata iligawiwa na serikali kuu. Ukiondoa hayo matatu, msafara ule usingefika hata Whitehorse, mji wa Yukon ulioko njiani. Naongeza jambo ambalo wageni wa nchi za baridi hawalitarajii: barabara ile, miaka ilipokuwa ya changarawe, wakati wa baridi ilikuwa nafuu katika mengi. Udongo wa kaskazini ulioganda ukivuliwa majani yake huyeyuka na kuwa tope. Wajenzi wa 1942 walilazimika kutandika magogo sehemu nyingi. Baridi huligandisha tope hilo na theluji huyafunika mawe yanayovunja vioo vya mbele.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Gari la leo, wanasema, halihitaji haya yote: lina mfumo wa kupuliza mafuta unaojirekebisha, na oili nyepesi ya daraja la 0W hupimwa kwa jaribio linaloiga kuzungushwa kwa injini kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri. Ni kweli, na usiku mwingi wa kawaida gari jipya litawaka bila hita. Tatizo ni kwamba vituo vimepungua kadiri magari yalivyokuwa imara. Nyumba nyingi za wageni zilizokuwa kando ya barabara zimefungwa, kwa sababu gari la sasa hulipita kwa petroli ya tangi moja eneo ambalo la 1955 lilisimama mara mbili, na zilizobaki baadhi hufunga milango majira ya baridi. Kwa hiyo gari linaharibika mara chache, ila likiharibika linaharibika mbali na watu, na dereva anarudi kwenye mambo ya zamani: blanketi, chakula, koleo, debe la petroli ya akiba.

Kisha kuna gharama isiyomhusu dereva peke yake. Baridi ikipita nyuzi 35 hivi chini ya sifuri, mvuke unaotoka kwenye eksozi za Fairbanks huganda hewani na kuwa ukungu wa barafu, jambo ambalo Carl Benson wa Chuo Kikuu cha Alaska alilichunguza miaka ya 1960. Injini inayoachwa ikiunguruma inaulisha ukungu huo, na inayowashwa ikiwa baridi hutoa kaboni monoksidi nyingi dakika zake za mwanzo. Ndiyo maana soketi zilihama kutoka uani kwa mwenye gari hadi maegesho ya kazini, na halmashauri ikafika kuwataka waajiri wakubwa waziwashe baridi inapozidi. Wapo wenyeji walioliona hilo kuwa ni serikali kujitia katika mambo ya watu. Siwaelewi vizuri, kwa kuwa serikali ilikuwa ndani ya jambo hili tangu tingatinga la kwanza la 1942. Anayehamia Fairbanks Januari na akamuuliza fundi wa kwao kuhusu tairi na oili anafanya vyema, lakini swali linalotangulia ni la mwenye nyumba: maegesho yana soketi, na umeme wake analipa nani?